Bunduki ya Ndege: Ijipakie Yenyewe au Iwe ya Mitutu Miwili?



Huko Kingolwira, si mbali na mji wa Morogoro ukishika barabara ya kwenda Dar es Salaam, wakulima wana mabishano. Wanataka kununua bunduki ya ndege. Fedha wamekwisha kuanza kuzichanga, shilingi kwa shilingi, kutokana na mavuno. Lakini wamegawanyika pande mbili. Vijana wanasema, "Tununue ile inayojipakia yenyewe. Ukibonyeza mara tano inalia mara tano, huna haja ya kuhangaika." Wazee wanasema, "Hapana bwana. Tununue ya mitutu miwili, ile inayokunjwa katikati. Hiyo ndiyo tunayoijua."

Nani yuko sawa? Jambo hili si la kubishania kwenye kilabu cha pombe tu. Bunduki ni ghali. Kundi likikosea, jasho la misimu miwili limekwenda. Tena kuna kosa la pili lililo baya zaidi: mtu anaweza kununua bunduki nzuri, akapiga kanga wawili, kisha akajikuta gerezani. Na wenyeji wa Kingolwira hawahitaji kuambiwa gereza liko wapi. Wanaliona kila siku.

Basi tulichambue jambo hili taratibu.

BUNDUKI YA MARISAU NI NINI?

Kwanza tuelewe tunazungumza juu ya bunduki gani. Ile bunduki ya askari ina mtutu wenye mifereo ndani, na hutoa kipande kimoja cha risasi kinachokwenda mbali sana. Bunduki ya ndege siyo hiyo. Mtutu wake ni laini ndani kama bomba. Risasi yake moja ina vijipande vingi vidogo vya duara, ambavyo wazee wetu waliviita marisau. Siku hizi wengi huiita shotigani tu. Ukifyatua, marisau hutoka pamoja kama ngumi, halafu hutawanyika kadiri yanavyokwenda, kama mtu anayemwaga mtama kwa mkono.

Kutawanyika huko ndiko kunakompata ndege. Ndege anayeruka ni mdogo na ana haraka. Kipande kimoja cha risasi kingemkosa. Marisau mia mbili au mia tatu yakienda pamoja, matano au sita yatamfikia. Lakini yakifika mbali yanakuwa yameachana mno, na nguvu yamekwisha kuipoteza. Kwa hiyo bunduki hii ni ya karibu. Hadi mita 30 au 35 inafanya kazi vizuri. Ukizidisha hapo unajeruhi ndege anayekwenda kufia porini, hana faida kwako wala kwake.

Wengine watasema, "Mbona babu yangu alipiga kwa gobore mita mia?" Labda alipiga. Lakini tunadhani alihesabu hatua zake wakati wa kusimulia, siyo wakati wa kupiga.

AINA TATU

Ukiingia dukani utakuta aina nyingi, lakini kwa kazi ya ndege zote zinaingia katika mafungu matatu. La kwanza ni bunduki inayokunjwa katikati, yenye mtutu mmoja au miwili. Unaikunja, unatia risasi kwa mkono, unaifunga. La pili ni ile ya kuvuta: risasi kadhaa zinakaa katika bomba chini ya mtutu, na kila baada ya kupiga unavuta mkono wa mbele nyuma na mbele ili kupakia nyingine. La tatu ndiyo hii ya vijana wetu, inayojipakia yenyewe. Risasi zinakaa katika bomba vilevile, lakini hakuna kuvuta. Unabonyeza, inalia, inatema ganda, inajipakia. Unabonyeza tena. Kila mbonyezo ni risasi moja, ndiyo maana wataalamu wanaiita nusu otomatiki.

Inajipakiaje? Hapa pana akili ya kupendeza. Baruti ikiungua, inasukuma marisau mbele, na bunduki inasukumwa nyuma. Ndiyo lile teke unalolisikia begani. Mtu mmoja wa Marekani, John Browning, alifikiri hivi: nguvu hii ya teke inapotea bure, kwa nini isifanye kazi ya kupakia? Akatengeneza bunduki ambayo mtutu wake hurudi nyuma kwa teke, ukabana springi, springi ikaurudisha, na katika kurudi huko ganda likatoka na risasi mpya ikaingia. Kiwanda alichokuwa akikiuzia kazi zake kwa miaka mingi hakikukubaliana naye juu ya malipo. Akaenda kwa kingine, na mkuu wake, Marcellus Hartley, akafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo siku ambayo Browning alikuwa akimsubiri ofisini. Hiyo ilikuwa Januari mwaka 1902. Browning akachukua mzigo wake akapanda meli kwenda Ubelgiji, na huko kiwanda cha FN kikaanza kuitengeneza. Bunduki hiyo, Auto-5, iliendelea kutengenezwa hadi karibu mwisho wa karne.

Za siku hizi nyingi haziendeshwi na mtutu unaorudi. Nyingine zina tundu dogo ndani ya mtutu. Moshi wa baruti wenye nguvu hupita hapo na kusukuma pistoni. Hizi zina teke dogo, lakini masizi hujaa ndani, na usipozisafisha zinakwama. Nyingine hutumia springi nzito ndani ya bolti peke yake, zinabaki safi zaidi, ila teke lake ni kali.

Kwa hiyo vijana hawakukosea kuisifu. Ni mashine ya werevu. Swali ni kama werevu huo unatufaa sisi.

SHERIA INASEMAJE?

Kanga anayekula mbegu zako shambani si kuku wako. Kwale, kanga, bata mwitu na njiwa mwitu wote ni wanyamapori, na wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, ndiyo inayowasimamia. Ili uwinde ndege hata mmoja unahitaji leseni ya kuwinda, inayotaja ni ndege gani, wangapi, wapi na lini. Nyama ya kanga bila leseni inaitwa nyara ya Serikali, sawa na ngozi ya chui. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa sikilizeni sehemu inayohusu ubishi wetu. Sheria hiyo inakataza namna fulani za kuwinda, ila kwa mwenye kibali maalum cha maandishi. Inakataza sumu. Inakataza kuwamulika wanyama kwa taa usiku. Na inakataza bunduki inayotoa risasi zaidi ya moja kwa mbonyezo mmoja, au inayojipakia yenyewe zaidi ya mara moja bila mwindaji kufanya kitendo kingine.

Tuisome tena pole pole: inayojipakia yenyewe zaidi ya mara moja. Maana yake ni kwamba ukipiga risasi ya kwanza, bunduki ikajipakia, ukapiga ya pili, imekwisha. Ikijipakia tena mara ya pili, umevunja sheria ya uwindaji, hata kama una leseni ya bunduki mfukoni na leseni ya kanga mkononi. Bunduki ya risasi tano ambayo vijana wanaitaka inajipakia mara nne.

Na siyo Tanzania peke yake. Marekani, nchi yenye bunduki kupita kiasi, tangu mwaka 1935 mwindaji wa ndege wanaohamahama haruhusiwi kuwa na zaidi ya risasi tatu ndani ya bunduki. Wenye bunduki za namna hii hutia kijiti ndani ya bomba la risasi ili lisijae. Kijiti kama hicho kinaweza kupunguza bunduki ibaki na risasi mbili tu, moja kwenye mtutu na moja kwenye bomba. Lakini fikirini wenyewe: mmelipa fedha za bunduki ya risasi tano, halafu mnaiziba kwa kijiti ili iwe ya mbili. Si mngenunua ya mitutu miwili tangu mwanzo?

Kwa leseni ya bunduki yenyewe iko sheria nyingine, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Safari ya kuomba huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa wenu, ambako watu wanawajua tabia zenu, na huishia Polisi. Mwombaji lazima aonyeshe kwamba anajua kuitumia na kwamba ana mahali pa kuifungia. Leseni hutaja aina ya bunduki na namba yake. Bunduki haiazimwi kama jembe. Wakulima wa Kingolwira wanaochanga fedha lazima wakubaliane kwanza nani ataandikwa, maana huyo ndiye atakayewajibika nayo mchana na usiku. Mwaka 2016 Serikali ilipohakiki silaha nchini, wenye silaha walitakiwa kuzileta zikaguliwe pamoja na karatasi zake. Siku kama hiyo haitoshi kusema, "Iko kwa shemeji."

Kuhusu leseni za kuwinda, waoneni maofisa wa wanyamapori wa wilaya, au TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Bahati nzuri makao yake makuu yako hapa hapa Morogoro. Na msidhani leseni inafungua kila mahali. Hifadhi ya Mikumi ni marufuku kuwinda kabisa. Msitu wa asili wa milima ya Uluguru nao ni hifadhi; mle ndani kuna ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani, mbwigu wa Uluguru, ambaye wataalamu wa ndege hutoka Ulaya kuja kumsikiliza akilia. Ndege huyo tumwache alivyo.

KWELEAKWELEA HAWAOGOPI BUNDUKI

Hapa lazima tuseme ukweli ambao hautawapendeza wengine. Baadhi ya wakulima wanaochanga wanafikiria mtama na mpunga wao katika bonde la mto Ngerengere. Adui wao ni kweleakwelea. Wanasema, "Tukiwa na bunduki inayolia haraka haraka, tutawamaliza."

Hamtawamaliza. Tupige hesabu. Kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku anakula au kuharibu nafaka kama gramu 10. Gramu 10 ni kitu gani? Si kitu. Lakini kundi la kwelea milioni moja, na makundi ya ukubwa huo yapo, linamaliza tani 10 kwa siku. Sasa chukueni bunduki yenu. Tuseme kundi limebanana sana na kila risasi inaangusha ndege 20. Ili kuwamaliza milioni moja mnahitaji risasi 50,000. Nani atazinunua? Na baada ya mlio wa kwanza kundi limehamia shamba la jirani, na baada ya nusu saa limerudi.

Kwelea hupigwa na Serikali kwa kunyunyiza dawa kutoka angani mahali wanapolala, na kazi hiyo huanza pale wakulima wanapotoa taarifa mapema kwamba wameona mahali wanapolala. Shambani penyewe dawa ya kwelea ni ile ile ya zamani: kuamia, yaani kukaa juu ya kilingo na kupiga makelele na kombeo tangu alfajiri, na kupanda wote kwa wakati mmoja ili shamba moja lisiive peke yake na kuwa karamu ya wote. Kama sababu yenu ya kununua bunduki ni kwelea, tunawaambia wazi: msinunue. Hizo fedha nunueni kitu kingine.

Bunduki ya marisau inafaa kwa ndege mmoja mmoja au kundi dogo: kanga wanaofukua mahindi yaliyopandwa, kwale, njiwa. Tena kwa leseni.

NA HAO WANAOPIGA SAHANI?

Vijana wetu wengine wameona picha za watu wanaopiga sahani zinazorushwa hewani. Ule ni mchezo, na una mashindano makubwa hadi Olimpiki. Sahani inaitwa ya udongo, lakini kwa kweli hutengenezwa kwa lami iliyochanganywa na unga wa mawe ya chokaa. Upana wake ni milimita 110 na uzito gramu 105. Mashine inairusha, mpigaji anaivunja hewani. Zamani walirusha njiwa hai. Hata Paris mwaka 1900, wakati wa michezo ya Olimpiki, njiwa hai walipigwa. Sahani ilibuniwa Marekani mwaka 1880, na mpaka leo tunafikiri ni moja ya mambo mazuri waliyofanyiwa njiwa.

Katika mchezo huo bunduki inayojipakia yenyewe ina sifa zake. Mpigaji hupiga sahani 25 kwa zamu moja, na kwa siku anaweza kupiga zamu nne au zaidi. Mara mia moja teke begani! Bunduki inayotumia moshi wa baruti hupunguza teke hilo, na bega linashukuru. Kwa mwanamke au kijana mwembamba anayejifunza, tofauti ni kubwa.

Lakini hata huko, sheria za mashindano ya kimataifa haziruhusu zaidi ya risasi mbili kwa wakati. Na ukitazama wale wanaoshinda Olimpiki, wengi wao hubeba bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwaka 1992 huko Barcelona, mwanamke wa China, Zhang Shan, alishindana pamoja na wanaume katika mchezo wa sahani uitwao skiti, akawashinda wote. Alivunja sahani 223 kati ya 225. Michezo iliyofuata, mwaka 1996, wanawake hawakuwekewa skiti kabisa. Mnaweza kujisemea wenyewe kwa nini.

Mchezo huu unataka kiwanja maalum, mashine, na fedha za risasi kila wiki. Mkulima wa kawaida hawezi. Ila tumeutaja kwa sababu una somo moja la kuwafaa hata wapigaji wa kanga, nalo ni hili: usipige ndege mahali alipo, piga mahali atakapokuwa. Marisau yakitoka, yanachukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika mita 35. Ndege anayeruka kilomita 60 kwa saa, katika muda huo mdogo, amekwenda karibu mita mbili. Ukimlenga kichwani, marisau yanapita nyuma ya mkia. Watu wengi wanaosema bunduki yao ni mbovu, ubovu uko hapo.

KWA NINI TUNAWAUNGA MKONO WAZEE

Mtakuwa mmeona tunaegemea upande gani. Sheria peke yake ingetosha, lakini kuna sababu ya pili ambayo kwetu ni kubwa zaidi.

Bunduki inayokunjwa haina siri. Ukiikunja, kila mtu aliyesimama karibu anaona: kuna risasi au hakuna, mtutu ni safi au umeziba. Mwindaji anayevuka mtaro huikunja, anayerudi nyumbani huikunja, na hata mtoto anaweza kufundishwa kwamba bunduki iliyokunjwa na kuonyesha mwanga ndani haiwezi kulia. Bunduki inayojipakia yenyewe huficha. Mtu anatoa risasi iliyo kwenye mtutu, anadhani imekwisha, kumbe nyingine iko ndani ya bomba na bolti ikirudi inaipandisha. Na ikishapiga mara moja, papo hapo iko tayari kupiga tena, hata kama mpigaji ameteleza kwenye tope. Kwa mtu mmoja aliyefundishwa vizuri, hilo si tatizo. Kwa nyumba yenye watoto na vumbi na wageni wa kila siku, ni tatizo.

Halafu kuna utunzaji. Ile ya mitutu miwili inataka kitambaa, ufito na mafuta kidogo. Ile nyingine lazima ifunguliwe vipande, na springi ikipotea kwenye majani, mnakwenda kuitafuta Dar es Salaam. Tena huchagua chakula: risasi dhaifu haziiendeshi, nayo inakwama katikati. Ya mitutu miwili hula risasi yoyote ya saizi yake.

SAIZI: HAPA NDIPO WATU HUUMIA

Saizi ya mtutu huitwa geji. Geji 12 ndiyo ya kawaida kabisa, na risasi zake ndizo rahisi kupatikana. Mtutu wake una upana wa milimita 18 na nusu hivi. Geji 20 ni nyembamba zaidi, milimita 15 na nusu hivi. Angalieni kwamba namba ikiwa kubwa, mtutu ni mdogo. Sababu ni ya zamani: geji 12 maana yake ni kwamba goroli la risi lenye upana sawa na mtutu huo, ukichukua 12 kama hilo, yanafika ratili moja.

Msichanganye risasi za geji mbili mfukoni hata siku moja. Risasi ya geji 20 ukiitia kwenye mtutu wa geji 12 inateleza mbele na kukwama ndani, huioni. Mtu anadhani hakutia kitu. Anatia ya geji 12 nyuma yake, anapiga. Mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo maana risasi za geji 20 siku hizi hutengenezwa na ganda la rangi ya manjano, ili macho yakuonye.

Tazameni pia urefu wa chemba, yaani mahali risasi inapokaa. Umeandikwa kwenye chuma cha mtutu: milimita 65 kwa bunduki nyingi za kizamani, 70 kwa za kawaida, 76 kwa za nguvu. Risasi ya 76 inaweza kuingia vizuri kwenye chemba ya 70, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Lakini ikipigwa mdomo hufunguka na kukosa nafasi, nguvu ya baruti inazidi, na hapo hatari huanza. Kisomeni kile kilichoandikwa kwenye mtutu na kile kilichoandikwa kwenye boksi la risasi. Kusoma kwetu kuna kazi.

Jambo jingine ni choki. Mwisho wa mtutu mara nyingi umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike haraka. Mtutu usiobanwa, kwa umbali wa mita 36 hivi, huingiza kama marisau 40 kati ya 100 katika duara la sentimita 76. Uliobanwa sana huingiza kama 70. Uzuri wa mitutu miwili ni kwamba mmoja unakuwa wazi kwa ndege wa karibu, na wa pili umebanwa kwa yule aliyekwisha kwenda mbali. Yaani una bunduki mbili kwa kitako kimoja. Bunduki ya mtutu mmoja, hata ijipakie mara ngapi, haina uwezo huo.

Marisau ya kanga yawe na upana wa milimita 2.5 hadi 3 hivi. Msitegemee namba pekee, maana namba 6 ya Uingereza si sawa na namba 6 ya Marekani. Someni milimita. Na kumbukeni kwamba ingawa marisau hayo hayaui kanga baada ya mita 40, yanaendelea kuruka hadi mita 200 na zaidi, na yanaweza kumtoboa mtu jicho. Kingolwira kuna barabara kuu, kuna reli, kuna mashamba ya watu, na kuna gereza lenye askari wanaosikiliza kila mlio. Kabla hujainua bunduki, jua nyuma ya ndege kuna nini, na waarifuni viongozi siku mnayotoka kuwinda.

Jikoni nako pana kazi. Marisau mengi ni ya risi, na risi ni sumu, hasa kwa watoto na akina mama wajawazito. Yatoeni yote kwenye nyama, na kateni mnofu ulioharibika mkautupe mbali na kuku. Bata wa majini huyameza marisau yaliyoanguka kwenye matope wakidhani ni changarawe, nao hufa. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku marisau ya risi kwa bata tangu mwaka 1991.

MKINUNUA ILIYOTUMIKA

Wakulima wengi watanunua iliyotumika, na si vibaya. Ikunjeni, tazameni ndani ya mitutu mkielekea kwenye mwanga. Iwe inang'aa, isiwe na vidonda vya kutu wala kivimbe. Pitisheni vidole nje ya mtutu, kivimbe husikika kabla hakijaonekana. Ifungeni bila risasi, shikeni mitutu, itikiseni. Ikicheza pale inapokunjwa, iacheni, hata kama muuzaji atapunguza bei mara tatu. Iwekeni begani: jicho lione usawa wa mitutu bila kunyoosha shingo kama korongo.

Mwisho, andikeni namba iliyogongwa kwenye chuma, mwende nayo Polisi pamoja na muuzaji na leseni yake. Namba ikiwa imekwanguliwa, au muuzaji akisema, "Tulipane kwanza, karatasi zitakuja," rudini nyumbani na fedha zenu.